Ua Kunguru Wote Unaotaka, Jaa Likibaki Watarudi

Nyanya yangu kule Likoni alianza mwaka na vifaranga kumi na wanne. Sahi ako na watatu. Wengine walibebwa na kunguru mchana kweupe, kuku mama akipiga kelele. Kwa hivyo usinikujie eti natetea kunguru. Siwapendi hata kidogo. Lakini hii maneno ya "wapewe sumu waishe" inanichoma, juu ni hesabu mbaya.

Mwaka wa 2024 KWS ilisema inataka kuondoa kunguru milioni moja kabla mwaka uishe, na sumu inaitwa Starlicide. Watu wa Pwani wakashangilia. Mimi pia nilishangilia, sitadanganya.

Sasa twende polepole. Chukua kunguru wawili, tuseme idadi inaongezeka mara mbili kila mwaka. Baada ya miaka kumi uko na 2,048. Baada ya ishirini umepita milioni mbili. Hawa ndege waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka (ndio, waliletwa makusudi!), na kufikia miaka ya 1940 walikuwa washaingia Mombasa. Kwa hesabu hiyo saa hii hatungekuwa tunaona jua. Mbona tunaliona? Juu kuna vitu huwasimamisha: chakula, miti ya viota, magonjwa, maadui. Wakijaa sana, makinda yanakufa njaa na idadi inatulia. Kila mahali pana kipimo chake cha viumbe panaweza kubeba.

Kwao India kuna ndege anaitwa koel. Huyo hutaga mayai kwa kiota cha kunguru, kunguru anaishia kulea mtoto wa wenyewe. Huku kwetu hayuko. Breki moja waliiacha nyumbani. Breki kubwa iliyobaki ni chakula, na chakula tunawapea sisi.

Tembea nyuma ya soko letu saa kumi na mbili asubuhi. Matumbo ya samaki, wali wa jana, maganda, mifuko imepasuka, na lori la taka halijaonekana tangu wiki iliyopita. Nilihesabu kunguru sitini nikachoka. Na wewe wa Nairobi usicheke, wale ndege wenye vipara kwa miti ya Nyayo hawakuja kutazama mpira.

Hapo ndipo watu wa sumu wananikasirisha. Ukiua nusu, hujagusa chakula. Waliobaki wanakula kwa raha, makinda yao yanapona. Kiumbe huongezeka kwa kasi zaidi akiwa katikati: wazazi bado ni wengi na chakula bado kipo cha kutosha. Yaani ukiua nusu halafu uache, umewaweka pale pale wanapozaana vizuri zaidi. Na hii si stori ya darasani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sumu hiyo hiyo ilitumika Pwani na wakapungua kweli. Ikasimamishwa. Sasa angalia juu ya paa lako.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini wanamaliza mayai na makinda ya ndege wetu, hatuwezi ngoja taka ziishe." Ni kweli, na sijasema sumu isitumike. Nasema bajeti ya sumu bila bajeti ya lori ni kuteka maji kwa pakacha. Sumu ni rahisi kutangaza, unapiga picha na maiti za ndege, unaonekana umefanya kazi. Kuzoa taka kila siku hakuna mtu hukupigia makofi.

Na sisi pia tuache. Nusu ya hizo mifuko tunatupa wenyewe usiku tukijua hakuna anayetuona.

Juzi nyanya amenunua vifaranga wengine kumi. Amewafunika na neti ya mbu. Kunguru wanne wako kwa mwembe, wametulia tu, wanangoja.