Picha ya Kichwa Safi, Mbona Bado Anaumwa?

Mama mmoja wa hapa Mchikichini ametujia ofisini msikitini. Mumewe, dereva wa bodaboda, alianguka miezi miwili iliyopita. Picha ya kichwa haikuonyesha damu iliyovuja. Mbona basi bado anaumwa kichwa, anasahau, anafoka kwa jambo dogo? Je, asomewe?

Kisomo ni kheri, hatukizuii. Lakini mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye picha ile. Wengi hupona katika wiki chache. Wapo wanaofika miezi mitatu na zaidi, hawavumilii mwanga wala kelele (na kelele za mitumba ya Karume tunazijua). Kumwita mtu huyo mvivu, au kumtafutia jini, ni kumdhulumu.

Arejee kazini kidogo kidogo, pikipiki aiache mpaka daktari aridhie. Kuinama kukimletea kizunguzungu, asali ameketi na kusujudu kwa ishara. Saumu ikimshinda, aya ya 185 ya Suratul-Baqara imempa siku nyingine za kulipa. Maumivu yakizidi, akitapika mfululizo au akipotewa na fahamu, afikishwe MOI, Muhimbili, usiku huo huo.