TUTEMBEE NCHI YETU TUIJUE

Na Katibu wa Vijana, Morogoro



Katika miezi ya kwanza ya kazi yangu ya uenezi nilipanda Milima ya Uluguru upande wa Matombo. Hotuba yangu ilikuwa tayari mfukoni. Nilitaka kuwaeleza wananchi habari za kulinda vyanzo vya maji, kupanda miti, na kuacha kulima kwenye miteremko mikali bila kinga. Nilisema kwa muda wa saa nzima. Nilieleza kwamba Mto Ruvu huanzia katika milima hii, na kwamba wenzetu wa Dar es Salaam hunywa maji yake. Nilipomaliza, watu walipiga makofi machache ya adabu. Ndipo akasimama mzee mmoja.

"Mjukuu wangu," alisema, "umesema vizuri. Lakini maneno haya si mageni hapa. Niliyasikia nikiwa mtoto wa kuamia ndege shambani. Aliyeyasema siku zile alikuja na askari. Wewe umekuja na karatasi tu, basi tutakusikiliza. Ila kwanza tuambie: wayajua yaliyotokea hapa mwaka wa hamsini na tano?"

Sikuyajua. Mimi niliyesoma chuo cha ualimu, niliyefaulu mtihani wa historia, ninayeweza kutaja wafalme wa Ulaya kwa mfuatano wao, nilisimama mbele ya wazee wa Matombo sina jibu. Aibu ile ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mzee akanieleza, na baadaye nikayasoma mwenyewe. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Wananchi waliamriwa kuchimba matuta milimani kwa nguvu. Asiyechimba alishtakiwa. Udongo wa miteremko mingi ni mwembamba, na matuta yaliufukia udongo mzuri, yakauleta juu ule usio na rutuba. Kwa hiyo mkulima alitoa jasho, akavuna haba. Mwezi Julai 1955 wananchi walikusanyika Matombo kukataa. Polisi walifyatua risasi, na mwananchi mmoja akafa. Mpango ule ukaachwa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Miongoni mwa watu 17 walioiasisi alikuwamo Patrick Kunambi, mwana wa Uluguru. Uhuru haukuteremka Morogoro kwa gari moshi kutoka Pwani. Watu wa milimani waliulipia wenyewe.

Nilirudi tawini nikawaambia vijana wenzangu: ikiwa hatulijui jambo lililotokea mahali tunapopaona kwa macho kutoka mjini, tunajua nini juu ya Tabora, Ujiji, Songea na Kalenga? Tukakubaliana kusafiri. Kila mmoja alichanga kidogo kidogo kwa mwaka mzima. Tulikodi basi, tukabeba unga, maharage, sufuria na mikeka, tukalala katika madarasa wakati wa likizo. Hatukwenda kama watalii wenye kupiga picha na kuondoka. Kila kijana alikuwa na daftari, na kila jioni tulikaa duara tukasomeana tuliyoyaandika.

Tulianza kwa kuelekea magharibi. Njia ile ni ya zamani kuliko reli na kuliko lami. Ndiyo njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, hadi Tabora na Ujiji. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya mapendekezo ya nchi yetu ya urithi wa dunia. Morogoro nayo ilikuwa kando ya msafara. Stanley alipopita mwaka 1871 aliukuta mji wa Simbamwenni, mji wa Kisabengo, una ngome yake. Reli ya Mjerumani ilipofika Morogoro mwaka 1907, ilifuata watu waliokwisha kuwapo. Na treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024 nayo yawafuata watu wale wale.

Tabora tulikaa siku mbili. Tulitajiwa habari za Isike, mtemi wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, Wajerumani walipoingia ngomeni mwake, aliwasha baruti ili wasimpate mzima. Tulizungumza pia juu ya mkutano wa TANU wa Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi walikasirika, wakataka chama kisusie. Mwalimu Nyerere akashauri tuingie katika uchaguzi ule mbaya na tuushinde. Mkutano ukakubali. Waliokataa walikuwapo, na Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Uchaguzi ulipofanyika mwaka 1958 na 1959, wagombea waliosimama kwa TANU na wale walioungwa mkono nayo walishinda. Kijana mmoja wetu aliandika: "Nilidhani ushujaa ni kukataa tu. Kumbe pengine ni kukubali jambo chungu kwa akili." Somo hilo hakulipata darasani.

Kutoka Tabora tulikwenda Ujiji. Hapo pana kumbukumbu ya mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wageni huja kutoka mbali kupaona. Sisi hatuna ugomvi na kumbukumbu hiyo. Livingstone aliupinga utumwa, na jambo hilo ni la heshima. Lakini tuulize: nani aliyebeba mizigo ya Wazungu wale wawili? Nani aliyewaonyesha njia? Livingstone alipofariki mwaka 1873, wenziwe Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi, wakapita Unyanyembe, hadi Bagamoyo mwaka 1874. Hakuna aliyewashurutisha. Mtoto wa shule akiulizwa nani aliyekutana na Livingstone, atajibu kabla swali halijaisha. Mwulizeni ni nani aliyembeba.

Kisha tukageuka kusini, kwa njia ya Mpanda, Sumbawanga, Mbeya na Njombe, mpaka Songea. Katika makumbusho ya Majimaji pana makaburi ya mashujaa walionyongwa na Wajerumani Februari 1906. Huko hatukusema mengi. Vita vile vilianza Julai 1905 katika milima ya Matumbi. Kinjeketile wa Ngarambe aliwapa watu maji, na watu wa makabila mengi wakasimama pamoja. Vita vilifika hata mkoani kwetu, kwani boma la Mahenge lilishambuliwa Agosti 1905. Kisha Wajerumani walichoma mashamba na ghala za vyakula. Njaa iliua watu wengi zaidi kuliko risasi, na wanahistoria wengine hukadiria waliokufa kufikia 300,000. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Songea akaomba msamaha. Zilipita zaidi ya miaka mia moja kabla ya neno hilo kutamkwa. Je, lingetamkwa kama wazee wa Songea wangeyasahau makaburi yao?

Tukarudi kwa njia ya Iringa, tukafika Kalenga. Mkwawa aliwashinda Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Ngome yake ilianguka mwaka 1894, naye akaendelea kupigana porini hadi mwaka 1898, akajipiga risasi asishikwe. Kichwa chake kilichukuliwa. Habari zake ziliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini fuvu halikurudi Kalenga mpaka 1954. Tuliliona kwa macho yetu.

Sasa, ndugu zangu, tusidanganyane. Safari ya namna hii si ya kwenda kusifu tu. Katika njia ya misafara walikuwapo Waafrika waliowauza Waafrika wenzao. Kisabengo wetu wa Morogoro hakuwa malaika. Wahehe na Wangoni waliwavamia majirani zao kabla Mjerumani hajafika. Mambo haya nayo tuliyaandika katika madaftari. Taifa linalokumbuka ushindi wake tu ni kama mtu anayejitazama kwenye kioo upande mmoja wa uso. Tena, kama wazee wetu wangekuwa watakatifu wote, sisi wenye makosa tungejifunza nini kwao?

Tuliporejea Morogoro niliwaomba vijana wasitawanyike. Siku mbili za mwisho zilikuwa za nyumbani. Tulikwenda Mazimbu, mahali ambapo ardhi ya shamba la mkonge la zamani ilitolewa na serikali yetu kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Hapo walijenga shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo, na leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine husoma humo. Makaburi ya wenzetu wale yapo, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Vijana kumi wa tawi letu walikuwa hawajapata kufika.

Kisha tukapanda mlimani kwa yule mzee. Safari hii sikuhutubu. Nilimwomba aseme yeye.

Na hapa ndipo nilipoelewa kazi yangu. Nendeni Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii hii. Mtaona matuta, na juu yake mboga zimestawi. Katika miaka iliyofuata 2000, wakulima wa vijiji vya juu walichimba tena makingamaji na matuta katika mradi uliowalipa kwa kulitunza bonde la Ruvu. Kumbe Mluguru hakuyachukia matuta kwa kuwa ni matuta. Aliyakataa kwa sababu aliamriwa, hakuulizwa, na hakuona faida. Alipoelezwa na kupata chake, alichimba. Mwenezi asiyeijua habari ya 1955 atapanda na hotuba yake, atakataliwa, kisha atarudi mjini aseme wananchi ni wakaidi. Nami nilikaribia kusema hivyo.

Wako wanaotupinga. Mwanachama mmoja aliniambia: "Ndugu Katibu, madawati hayatoshi, ninyi mnatembea." Nalijali neno lake. Lakini hatukugusa fedha ya madawati. Tulichanga wenyewe, na vijana waliorudi ndio waliokuwa wa kwanza kujitolea kutengeneza madawati ya shule tuliyolala. Mtu huihudumia nchi anayoijua.

Mwingine alisema kwamba kuwataja Mkwawa, Isike na Kingalu ni kurudisha ukabila. Nasema sivyo. Ukabila hukua pale Mluguru anapomjua Kingalu peke yake, na Mhehe anapomjua Mkwawa peke yake. Kijana wa Uluguru aliyesimama kimya mbele ya makaburi ya Songea hawezi tena kumwita Mngoni mgeni.

Kwa hiyo natoa mashauri manne.

Kwanza, kila wilaya iandae safari moja kwa mwaka kwa vijana wake, kwa michango yao wenyewe, ianze nyumbani na iishie nyumbani.

Pili, mahali po pote panapofikiwa, mwenyeji mzee apewe nafasi ya kusema kabla ya kiongozi wa msafara. Aliyekuwa na miaka kumi siku ile ya Matombo leo amepita themanini. Wazee hawa hawatatungoja mpaka tupange bajeti.

Tatu, walimu wetu wayapokee madaftari ya vijana na kuyatumia darasani. Mtoto wa Kinole aanze kusoma habari za Kinole, kisha za Kalenga, kisha za Ulaya.

Nne, mwenezi yeyote asipewe kazi ya kuwahutubia wananchi wa mahali kabla hajakaa nao kuuliza mambo matatu: nani aliishi hapa, nini kilitokea hapa, na mara ya mwisho serikali ilipokuja hapa ilikuja kwa namna gani.

Wazee walisema, mwacha asili ni mtumwa. Wazee hao hao walisema pia, tembea uone. Mimi nilidhani methali hizi zinapingana, moja yasema baki na nyingine yasema nenda. Sasa naona ni neno moja. Tulikwenda hadi Ujiji na Songea ndipo tukajua njia ya kupandia Matombo.

Yule mzee, tulipoagana naye, aliwatazama vijana wenye madaftari, akaniuliza kama hotuba yangu ya miti bado ninayo. Nikasema ninayo. Akasema, "Basi, ilete Jumamosi. Tutakuwa na majembe."

Uhuru na Umoja.