Kabla ya Kupiga Magoti

 

Tulipotangaza kwamba toleo hili la jarida letu litazungumzia imani, utii, ukarimu na sala, makala zilimiminika, na karibu zote zilihusu sala. Imani ilitajwa kama ufunguo wa kupata majibu, utii ulikuwa kumsikiliza mchungaji, na ukarimu uliachiwa akina mama wa jikoni. Hatukushangaa sana. Huku kwetu watu wanasali. Usiku wa mkesha hapa Ibadakuli, Shinyanga, spika zinajibizana, huyu akishusha sauti yule anapandisha. Ukienda machimboni, Kahama hadi Geita, ni vilevile: rashi ya dhahabu ikilipuka leo, kesho kuna turubai la mama ntilie, keshokutwa turubai la kanisa. Mtumishi anaombea duara, yaani shimo la mgodi, kabla watu hawajashuka, anaombea karasha la kusagia, anaombea viroba vya mawe. Sina ugomvi na hilo. Anayeshuka gizani kwa kamba, mbao za kuzuia udongo zenyewe za kubahatisha, ana haki zote za kumwita Mungu kwa sauti kubwa.

Ugomvi wangu ni na mpangilio. Tumeitanguliza sala, tukauacha mlango wa nyumba ufunguliwe baadaye, kama muda utaruhusu. Maandiko yamepanga kinyume.

Chukua Mwanzo 18, sura ambayo wengi tunaifahamu kwa sababu ya ahadi ya Isaka. Jua la mchana limewaka, Ibrahimu, mzee wa miaka tisini na tisa, ameketi mlangoni pa hema. Anawaona watu watatu. Hawaulizi ni wa kabila gani wala wametumwa na nani, anawakimbilia. Maji ya kunawa miguu yanaletwa, Sara anaharakishwa akande unga, ndama anachaguliwa, na mwenye mji mwenyewe anasimama pembeni chini ya mti wageni wakila. Kisha linakuja jambo ambalo Msukuma yeyote angelitambua mara moja: wageni wanapoondoka, anawasindikiza. Ni huko njiani, akiwa bado anawasindikiza, ndipo anapojulishwa habari za Sodoma, na ndipo inapotokea mojawapo ya sala ndefu kuliko zote za kitabu hicho, ile ya kupunguza hesabu kuanzia watu hamsini wenye haki hadi kumi. Angewaacha wale watu wapite na jua lao, pale njiani asingefika.

Na aliomba nini? Hakuomba ng'ombe, wala mtoto, ingawa mtoto ndiye aliyekuwa haja ya maisha yake. Aliombea mji wa watu wengine, mji ambao sura inayofuata inautaja kwa aibu ya kutaka kuwadhuru wageni waliokuwa chini ya dari la Lutu. Kwa hiyo ninaposema ukarimu hutangulia sala sizungumzii adabu za mezani. Ninasema ndiyo shule ambamo mtu hujifunza aombe nini.

Sasa tuangalie mlango wa kwetu. Wasukuma wana sifa ya kupokea, na ni sifa ya haki. Mgeni hatoki bila kula, hata kama kilichopo ni matobolwa (viazi vitamu vikavu) na karanga. Lakini hebu tuingie jiko linalotoa chakula hicho. Serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka mapori ya Shinyanga ili kumwangamiza mbung'o, mashamba ya pamba na mifugo yakamalizia yaliyosalia, na hadi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti na ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa imebaki peupe. Kuni zikawa taabu. Watu wakapikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka, katika vijumba vya jikoni vya chini visivyo na dirisha, na moshi wa samadi si wa mchezo. Mwanamke aliyeinamia mafiga hayo tangu usichana hadi uzee anatoka na macho mekundu. Na macho mekundu, kwa miaka mingi katika mikoa yetu, yalitosha kumhukumu bibi kuwa mchawi. Mauaji ya vikongwe hayakuanzia msituni. Waliokatwa mapanga usiku walikuwa wale waliopikia wageni wote wa ukoo, na rangi ya macho waliyouawa kwa ajili yake waliipata wakipika.

Nalirudia hilo kila ninapopata mahubiri ya ukarimu yanayoishia kwenye sahani.

Utii nao tuutazame kwa jicho hilohilo. Jeshi la jadi la sungusungu lilizaliwa huku kwetu, Kahama na Shinyanga, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe uliposhinda nguvu za polisi. Lilileta usingizi vijijini, anayebisha hakuwepo. Lakini nguvu hizohizo ziliwageukia pia wanawake waliosingiziwa uchawi. Na dagashida, mkutano wa jadi wa kijiji, ikiamua kumtenga mtu, mambo huwa magumu: hasalimiwi, haombi moto kwa jirani, akifiwa anazika peke yake, na anayemsaidia anatozwa faini. Jamii nzima inatii, Wakristo wakiwemo, na Jumapili tunakutana kanisani kama hakuna kitu.

Katekista mmoja alinibana na swali hili baada ya semina. "Mzee, nikimpelekea moto yule mama aliyetengwa, na mimi natengwa. Watoto wangu watapalilia na nani?" Lilikuwa swali la mtu mwenye shamba na msimu wa mvua mlangoni, na jibu la ushujaa lisingemfaa. Tulilizungusha sana, mwisho mwenyewe akafika mahali: akienda peke yake atatengwa, lakini jumuiya ndogondogo yote ikienda, kaya kumi na tano na vijinga vyao vya moto, dagashida itabaki na nani wa kumtenga? Sijui kama walikwenda. Ninachojua ni kwamba utii wa Kikristo unaanza kuonekana pale unapogongana na utii mwingine, na kwamba mtu mmoja peke yake hauwezi.

Kuna hadithi ya Sarepta, ambayo inatumiwa vibaya kiasi kwamba nusura tusiiguse. Eliya anamwomba mjane amtangulizie yeye mkate kutoka konzi la mwisho la unga, na mjane anatii. Watumishi wengi huko machimboni wanaipenda sura hiyo: toa cha mwisho, mama, unga hautakwisha. Wanasahau kusoma kilichofuata. Eliya alikaa. Alikula katika nyumba ile siku nyingi, pamoja na mjane na nyumba yake, na mtoto alipokata roho ni nabii aliyempandisha chumbani kwake na kumlilia Mungu. Anayepokea unga wa mjane na jioni hiyohiyo akapanda gari kurudi mjini hajahubiri Sarepta.

Nimefika kwenye jambo lililotufanya tuchague mada hii. Imani ya kutafuta mali kwa njia ya mkato ilitupatia aibu ambayo bado hatujaiosha. Watu wenye ualbino waliwindwa katika ukanda huu wa dhahabu na wa samaki kwa sababu waganga waliahidi kwamba viungo vyao vingevuta utajiri. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa machozi bungeni kwa ajili yao. Septemba ya mwaka huohuo Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa Chato, na mama yake akakatwa mapanga akimtetea. Asilimia ya Wakristo miongoni mwa wanunuzi wa viungo hivyo hakuna anayeisema, ila tusijidanganye kwamba duara lililoombewa asubuhi halikuwahi kupelekwa kwa mganga jioni.

Katika miaka hiyo watoto wengi wenye ualbino waliletwa Buhangija, hapahapa manispaa ya Shinyanga, katika shule ambayo ilikuwa imeanzishwa kwa ajili ya watoto wasioona. Wakaongezeka hadi kupita mia mbili, vitanda vikazidiwa. Makanisa yalipeleka sabuni, mchele na kwaya; tulipiga picha. Shule zilipofungwa, watoto wengine walienda kwao na hawa wengi wakabaki, kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama au hapakuwa na aliyewataka. Wako waliokua wakimfahamu mlezi wa bweni kuliko mama mzazi. Tuliwaombea, na tuliwaombea kweli. Lakini kuombewa na watu waliopo umbali wa nauli ya bajaji, ambao jioni wanarudi kwenye nyumba zenye chumba cha wageni, ni jambo ambalo mtoto wa miaka minane anaweza kulipima mwenyewe.

Ndugu mmoja katika bodi yetu ya uhariri alipinga, na hoja yake nzito: mlango ukifunguliwa ovyo, anayeingia au anayempokea mtoto anaweza kuwa muuzaji wa viungo. Ni kweli. Katika baadhi ya mashauri waliotuhumiwa walikuwa ndugu wa damu. Ibrahimu alikimbilia wageni, lakini yeye ndiye aliyekuwa hatarini. Hapa aliye hatarini ni mtoto. Kwa hiyo makala ya mwisho ya toleo hili imeacha mahubiri, nayo inaeleza utaratibu wa familia za kuaminika zinazopokea watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: maombi yanavyopelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, nyumba inavyokaguliwa, majirani wanavyohojiwa, na kwa nini barua ya paroko au mchungaji peke yake haitoshi. Ukurasa huo unaweza kuchanwa na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, karibu na ratiba ya mikesha.