Lubero: mdudu ajulikane jina kabla ya kununua dawa

Katika wilaya ya Lubero, familia zilizokimbia vita huko Kanyabayonga, Kirumba na vijiji vya magharibi haziko tena kwenye mashamba yao. Nyingi zinalima kipande cha kuomba au cha kukodi. Mihogo au mahindi ya kipande hicho yakiliwa na wadudu, hakuna shamba lingine la kutegemea. Ndiyo maana mkulima akiona mdudu anakwenda sokoni, ananunua kichupa cha dawa bila kuuliza huyo ni mdudu gani, kisha anapiga shamba zima. Desturi hiyo inafaa kuachwa, kwa sababu dawa hiyo inaua adui pamoja na rafiki.

Rafiki mwenyewe ni nyigu mdogo wa milimita 1 au 2, asiyeuma watu. Anatafuta mdudu mwingine, anamtoboa na kutaga yai ndani yake. Mtoto wa nyigu anamla mdudu huyo polepole, mpaka libaki gamba kavu. Manyigu wa namna hiyo ni wengi. Katika ukoo mmoja tu wataalamu wameandika aina zaidi ya 20,000, na kila aina ina windo lake. Kuzitofautisha kunataka hadubini, na kuhesabu vipingili vya papasi na mishipa ya mabawa.

Mtu anaweza kusema: watu wanauawa, watoto wanalala njaa, nani ana wakati wa kuhesabu papasi za nyigu? Jibu liko katika historia ya nchi hii hii.

Mwaka 1973, wakati nchi ikiitwa Zaïre, kidudu cheupe chenye unga kilionekana kwenye mihogo karibu na Kinshasa. Sombe ikajikunja, mashina yakadumaa, na njaa ikatishia nchi nyingi za Afrika zinazokula mihogo. Mwaka 1977 Mfaransa Danièle Matile-Ferrero alikichunguza na kukipa jina: Phenacoccus manihoti. Kwa kuwa mihogo ilitoka Amerika ya Kusini, adui wa kidudu hicho alitafutwa huko. Upande wa kaskazini wa bara hilo walipata kidudu kilichofanana nacho sana, wakachukua manyigu wake. Lakini manyigu hao hawakufaa kitu kwa kidudu cha Afrika. Uchunguzi ulionyesha kwamba hivyo vilikuwa vidudu viwili tofauti: cha Afrika ni majike matupu, kile kingine kina madume.

Kosa la jina moja lilipoteza miaka. Mwaka 1981 kidudu chenyewe kilipatikana Paraguay, pamoja na nyigu wake, Anagyrus lopezi. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilimzalisha na kuanza kumwachilia mashambani mwaka huo huo, kazi ikiongozwa na Mswisi Hans Herren. Nyigu huyo akaenea katika nchi zaidi ya 20 za Afrika, na mihogo ikapona bila mkulima kutoa hata franka moja ya dawa.

Funzo hilo linahusu mahindi pia. Kiwavi kutoka Amerika aliyeonekana Afrika mwaka 2016 bado anakula mahindi. Ilidhaniwa kwamba nyigu Telenomus remus, anayeharibu mayai yake, hayuko barani. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba yuko, hata katika nchi ya Kenya. Alikuwa mashambani bila kujulikana.

Butembo ina Chuo Kikuu cha Graben chenye kitivo cha kilimo. Wakubwa wa jimbo na mashirika yanayogawa mbegu kwa wahami wangefanya vema kugharimia huko chumba kimoja, hadubini na sanduku la wadudu waliobandikwa jina, mahali na tarehe. Kazi hiyo ingedumu kuliko shehena ya dawa inayokwisha msimu mmoja.

Wakulima nao wasingoje. Anayepewa vijiti vya mihogo avikague kwanza, maana kidudu cheupe husafiri navyo. Anayeona wadudu waliokauka kwenye jani aliweke jani hilo ndani ya chupa, afunike mdomo kwa kitambaa, angoje siku chache. Manyigu wakitoka, yafaa awapeleke kwa mtu wa kilimo, kwa sababu wako pia manyigu wanaoua manyigu wazuri, na kwa macho tu hawatofautishwi. Mpaka jibu lije, dawa ibaki dukani.

Familia iliyopoteza shamba kwa vita isipoteze tena walinzi wa kipande kidogo ilichobakiziwa.