AHADI NI DENI: INTANETI TULIYOILIPIA IKO WAPI?



Katika mwezi wa Machi sisi wa tawi la Ludara tulichanga fedha, tukalipia intaneti ifungwe katika nyumba ya mmoja wetu, ambayo sebule yake ndiyo ofisi yetu. Stakabadhi tunayo. Tuliambiwa kazi itakwisha katika siku kumi na nne. Sasa ni mwezi wa Septemba. Juu ya bati letu umesimama mlingoti mtupu, na anayefaidika nao ni kunguru.

Wapo wanaotucheka. Wanasema, mkata miwa na mlima tumbaku wana haja gani na intaneti? Tuwajibu.

Yupo ndugu yetu aliyetoka hapa kwenda kukata miwa Busoga, kama walivyokwenda wazee wengi wa West Nile kabla yake. Alifanya kazi huko miaka kumi na mitatu. Kila mwezi alikatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya mfuko wa NSSF, na tajiri wake alipaswa kuongeza asilimia 10. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2022, mwanachama aliyefikia miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 anaruhusiwa kuchukua sehemu isiyozidi asilimia 20 ya akiba yake. Ndugu yetu ana miaka 46, na mke wake anangoja kupasuliwa. Je, fedha alizokatwa zilipelekwa zote? Jibu limo katika taarifa ya akiba yake. Ili aipate taarifa hiyo hupanda boda boda mpaka Koboko mjini, hulipa nauli, hulipa mwenye kompyuta, hulipa karatasi. Mara mbili alikuta mtandao umekatika. Mara ya tatu akaona miezi kumi na minane haikuandikwa kitu. Sasa kila barua ya kudai miezi hiyo ni safari nyingine na kibarua cha siku kimepotea. Hiyo ndiyo haja yetu na intaneti.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyestaafu, alikuwa tarishi katika Chuo Kikuu cha Makerere. Jioni moja tulipokuwa tukinung'unika chini ya mwembe, alitusimulia jinsi mambo yalivyoanza. Makerere ilianzisha Taasisi ya Kompyuta mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mpango ulioitwa ESANET, uliogharimiwa na Kanada, wa kuunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Hakukuwa na mkongo wala setilaiti ya kila saa. Barua za maprofesa ziliandikwa, zikawekwa pamoja katika kompyuta moja, kisha modemu ikapiga simu ya kawaida, ikazitoa barua zote kwa mkupuo mmoja na kuzipokea zilizoingia. Simu ikikatika, walianza upya. Mzee wetu alipewa zilizochapwa, akazipeleka kwa miguu kutoka jengo hadi jengo.

Tulimwuliza, "Sasa mzee, watu hawakulalamika?"

Akasema, "Walilalamika sana. Lakini kila mmoja alijua barua yake iko wapi. Ikichelewa, mlango wa kugonga ulijulikana, na ndani yake yupo mtu wa kujibu."

Ndugu, maneno hayo tuyashike. Mashine ile ilikuwa ya polepole kama kinyonga, lakini palikuwa na foleni inayojulikana na mtu wa kuulizwa. Leo mikongo ya chini ya bahari imefika Mombasa tangu mwaka 2009. Mkongo wa taifa umekwisha vutwa hadi upande wetu wa West Nile. Hata umeme wa gridi ya taifa, tuliougoja miaka na miaka, uliunganishwa mwaka 2024. Mashine imekuwa na mbio za swala, ila mtu wa kuulizwa ametoweka. Ukipiga simu kwa kampuni, sauti iliyorekodiwa inakuambia subiri, na vocha yako inaliwa.

Tulikuja kumjua mchawi wa jambo hili mwezi wa Juni, alipofika kijana mmoja wa kusimamisha mlingoti. Alipanda juu ya bati bila mkanda wa usalama, kwa viatu vya kandambili. Aliposhuka tukamwuliza dishi na kisanduku viko wapi.

"Wazee wangu, mimi nimetumwa mlingoti tu," akasema. "Na hata huo, mshahara wa miezi miwili sijaona."

Kampuni tuliyoilipa imempa kazi mkandarasi wa Kampala. Mkandarasi amempa mwingine wa Arua. Wa Arua amewaajiri vijana kwa siku, bila barua ya kazi. Fedha yetu imeshuka ngazi hizo zote, na kila aliyesimama katika ngazi amekata kipande chake. Ilipofika kwa anayepanda bati haikubaki kitu. Vijana wameweka zana chini, na wana haki. Kwa hiyo anayetuchelewesha si yule kijana, wala si umbali wa Ludara. Ni mpango wa kugawa kazi vipande vipande ili pasiwe na tajiri wa kushikwa.

Tena tusidanganywe kwamba simu za mkononi zinatosha. Tangu Julai 2021 kila bando la intaneti tunalonunua limebeba ushuru wa asilimia 12. Kodi hatujachelewa kuilipa hata siku moja. Mbona huduma ndiyo ichelewe?

Basi tunasema hivi. Kwanza, anayepokea fedha ya kufunga intaneti aandike tarehe katika stakabadhi, na ikipita arudishe fedha bila kuombwa. Pili, kampuni iliyopokea fedha ndiyo iwajibike kwa mshahara na usalama wa kila anayepanda mlingoti kwa jina lake, hata akiajiriwa na mkandarasi wa tatu. Tatu, kila tawi lenye malalamiko kama yetu lisiende peke yake. Leteni nakala za stakabadhi zenu, tuzifunge pamoja tuzipeleke kwa Tume ya Mawasiliano kwa barua moja. Nne, vijana wa milingoti waandikishwe katika chama. Ni wafanyakazi kama sisi, na kero yao na yetu ni moja.

Yule kijana tumekwisha mpa fomu. Ameijaza kwa kalamu yetu, juu ya meza ambayo kompyuta ingekaa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Umoja ni nguvu!