Mkono wa Pili Mezani

Ndugu yetu akipasuliwa hospitalini na kupona, twamshukuru daktari, na ni haki. Lakini ni nani amshukuruye muuguzi aliyesimama ng'ambo ya meza? Ndiye aliyezuia damu, akahesabu vitambaa vyote kabla tumbo halijashonwa.

Kongo yetu yamjua mtu huyo. Tulipopata uhuru mwaka 1960, hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Walikuwako waganga wasaidizi, waliosoma miaka mingi. Wengi wao walipelekwa Ufaransa, wakamaliza masomo, wakarudi madaktari. Hawakukosa akili, walikosa mlango.

Msumbiji iliufungua mlango mwaka 1984: wauguzi na waganga wasaidizi walifundishwa kupasua kwa miaka 3, wakapewa cheo chao. Mwaka 2002, katika hospitali za wilaya, walifanya 92 kwa 100 ya upasuaji mkubwa wa akina mama wazazi. Tena, miaka 7 baada ya kupelekwa huko, 88 kwa 100 kati yao walikuwa wangali kazini. Madaktari wote waliotumwa walikuwa wamekwisha kuondoka.

Basi twasema: kushika kisu bila mafundisho ni kuhatarisha uhai wa mtu, kufundishwa bila kutambuliwa ni kuonewa. Wanafunzi, someni kwa bidii. Nanyi wakubwa, msimnyime mtenda kazi haki yake, cheo wala ujira.