Kijana Aliyeacha Mpira



Mtaani kwetu Mabawa, Tanga, palikuwa na kijana wa miaka 14 ambaye jioni hakosi uwanjani. Akaacha. Kwanza mpira, kisha chuo cha Kurani, kisha chakula cha usiku. Baba yake akasema ni kiburi cha kubalehe. Bibi yake akasema kuna kitu kimemkaa. Nami, kikombe cha kahawa mkononi, nikachangia langu: "Simu hizi zinawaharibu." Watu watatu tulikuwa na jibu, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Alipoulizwa na mama yake, wawili tu jikoni, alisema ana miezi hajapata usingizi wa maana na anaona heri asingekuwepo. Akapelekwa hospitali. Siku hizi anaonekana uwanjani, ingawa si kila jioni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 70, basi, lina kama kumi. Hatuwaoni kwa sababu sonona ya mtoto mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira, tumbo linalouma kila asubuhi ya shule, maksi zinazoporomoka, au mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya. Sisi tunaona utundu, tunatafuta bakora.

Na wasichana wanaoanguka mmoja baada ya mwingine darasani, tukasema wamepandisha mashetani? Jambo la namna hiyo si geni. Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, kule Bukoba, kicheko kilianza kwa wachache kikaenea: wanafunzi 95 kati ya 159. Machi shule ikafungwa. Madaktari walitafuta sumu na vijidudu, hawakuvipata. Waliosoma habari ile baadaye waliona mabinti wenye hofu nyingi, wasio na pa kuitolea.

Simkatazi mtu kumsomea mwanawe. Kisomo kinatuliza, nami nimesomewa. Ninachoomba ni kwamba kisomo kisimcheleweshe mtoto kufika hospitali ya Bombo. Tena sheikh akisema "mpelekeni na hospitali", wazazi wengi watamsikia yeye kuliko watakavyonisikia mimi.

Mkoa wetu hauko nyuma katika jambo hili. Lutindi, kule milimani Korogwe, ilianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, ndipo ikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Lakini barazani bado tunataniana kwa jina la hospitali nyingine ya akili, "katoroka Mirembe huyo", na mtoto anayesikia sauti asizozijua amekaa hapo hapo, anatusikiliza. Atamwambia nani?

Kwa hiyo mkutano wa mtaa ujao tuombe jambo hili liingie kwenye ajenda, lisisubiri "mengineyo" watu wakiwa wameshasimama kwenda zao. Walimu wa shule na wa chuo wakubali hapo mbele yetu kwamba mtoto akibadilika kwa wiki mbili, mzazi anaitwa kabla ya bakora kushikwa. Vikoba vyetu vitenge fungu dogo la nauli ya Bombo na dawa, maana matibabu haya hayaishi kwa safari moja, na mama wengi huishia njiani kwa kukosa nauli. Namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, ibandikwe kwenye kila duka. Na mtoto akitamka habari za kufa, asiachwe peke yake. Dawa na sumu ya panya viondolewe ndani, apelekwe siku hiyo hiyo.

Baba wa yule kijana amekubali kuja kusema, bila kumtaja mwanawe. Alikuwa mgumu, nikamwambia sitamwacha asimame peke yake. Njooni tujae. Kahawa naleta mimi.